Kutoka meza ya mashtaka hadi Tume ya Haki Jinai: Safari ya Jaji Chande na mizani ya Sura Yusuf

  

Ndugu msomaji, mtu atokaye Morogoro kwa barabara kuu iendayo Zambia, akishaipita Doma huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na husafiri ndani yake kiasi cha kilomita 50 kabla ya kuufikia mji wenyewe. Msafiri huona twiga, nyati na tembo, akashukuru na kupita. Mkazi wa Mikumi huona zaidi ya hayo. Anajua kwamba mpaka wa hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1964, ni mahali ambapo mtu huru huweza kugeuka mtuhumiwa kwa hatua chache tu. Yupo kijana aliyekutwa na kipande cha nyama ya porini. Yupo mama aliyevuka kutafuta kuni. Yupo mfugaji ambaye mifugo yake imefuata majani mabichi bila kusoma kibao cha onyo.

Katika hao wamo wenye hatia na wamo wasio na hatia, na kazi ya kuwatenganisha si ya mwandishi wa makala haya. Lakini jamaa wa mtuhumiwa, anayefunga safari kwa njia ya Ulaya hadi Kilosa mjini ili ahudhurie mahakama ya wilaya, hurudi jioni akiwa na sentensi moja ambayo Watanzania wengi wameizoea: upelelezi haujakamilika. Wiki mbili baadaye hurudi tena, na sentensi ni ile ile. Nauli inakwisha, shamba linaota majani, watoto wanauliza baba yuko wapi.

Leo, kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu, tuitazame sentensi hiyo kupitia maisha ya kazi ya mtu mmoja aliyeanza upande wa wanaoshtaki, akapanda hadi kilele cha wanaohukumu, kisha akapewa jukumu la kuueleza utawala kasoro za mfumo mzima. Mtu huyo ni Jaji Mkuu mstaafu, Mheshimiwa Mohamed Chande Othman. Lengo letu si kumsifu mtu, kwani sifa za kweli ziko kwa Mola wake. Lengo ni kujiuliza ni amana gani iliyomo katika kazi ya kushtaki, kuchunguza na kuhukumu, na sisi tulioko Mikumi tunabeba fungu gani la amana hiyo.

KANZU ILIYOCHANIKA

Kabla hatujamfuata Jaji Chande, tuanze na mashtaka yaliyotajwa ndani ya Qur'an Tukufu. Katika Sura Yusuf, kuanzia aya ya 25, mke wa mkubwa wa Misri anamtuhumu Nabii Yusuf (A.S.) kwa jambo ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelitaka. Hapakuwa na shahidi wa macho. Ndipo mtu wa jamaa za mwanamke huyo akatoa njia ya uchunguzi: itazamwe kanzu. Ikiwa imechanwa mbele, mwanamke amesema kweli. Ikiwa imechanwa nyuma, basi Yusuf ndiye mkweli na mwanamke ni mwongo. Kanzu ikakutwa imechanwa nyuma.

Tazama hekima iliyomo. Mwenye kutoa kipimo alikuwa jamaa wa mshitaki, lakini hakuupinda ukweli kwa ajili ya ujamaa. Kipimo kiliwekwa wazi kabla ya jibu kujulikana, ili asije mtu akakigeuza baadaye. Huo ndio upelelezi.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Aya ya 35 inatueleza kwamba baada ya kuziona dalili zote hizo, bado waliona bora wamfunge kwa muda. Ushahidi ulimsafisha, na jela ikamchukua. Kisha aya ya 42 inaeleza jinsi mfungwa mwenzake aliyeachiwa alivyosahau kumtaja kwa bwana wake, Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa. Na mfalme alipomwita atoke, aya ya 50 inasema alikataa kutoka kwanza. Alimrudisha mjumbe ili iulizwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Hakutaka msamaha. Alitaka kesi yake ichunguzwe na jina lake lisafishwe. Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari, aliustaajabia ustahimilivu huo, akasema kwa unyenyekevu wake kwamba lau angekaa gerezani muda aliokaa Yusuf, angeliitikia wito wa mjumbe.

Basi ndani ya sura moja tumepata mambo manne: tuhuma, uchunguzi, mahabusu ya muda mrefu bila sababu, na kudai jina lisafishwe kabla ya kuachiwa. Tuyashike haya mkononi, tutayahitaji.

ARUSHA NA DILI

Mwezi Novemba mwaka 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda, na makao yake yakawekwa Arusha. Watu takriban 800,000 walikuwa wameuawa ndani ya siku mia moja hivi. Hapakuwa na mtu mwenye akili aliyesema kwamba uhalifu haukutendeka. Hata hivyo, kujua kwamba uhalifu umetendeka ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba mtu huyu aliyesimama kizimbani ndiye aliyeutenda ni jambo jingine. Katika ofisi ya mashtaka ya mahakama hiyo, Mohamed Chande Othman, mwanasheria wa Kitanzania, alifikia wadhifa wa kuwaongoza waendesha mashtaka.

Ni katika miaka hiyo, Septemba 1998, ambapo mahakama ya Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu baada ya kusikiliza kesi ya mauaji ya kimbari. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji na ambaye alikiri makosa, alihukumiwa kifungo cha maisha. Mahakama ile ilipofunga milango yake mwishoni mwa mwaka 2015, ilikuwa imewafungulia mashtaka watu 93. Wapo walioachiwa huru kwa sababu ushahidi haukutosha. Jambo hilo liliwaudhi wengi, lakini ndilo lililoipa maana hukumu ya waliotiwa hatiani. Mahakama isiyoweza kumwachia mtu yeyote haihukumu, inatekeleza tu.

Mwaka 2000 alihamia mbali zaidi, Timor ya Mashariki. Wananchi wa huko walikuwa wamepiga kura Agosti 30, 1999 wakachagua kujitenga na Indonesia, na kura hiyo ikafuatwa na mauaji na uchomaji wa nyumba uliofanywa na vikundi vya wanamgambo. Umoja wa Mataifa ulipochukua utawala wa mpito, Chande Othman alikuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa utawala huo mjini Dili. Desemba 2000, ofisi yake ilifungua mashtaka ya kwanza ya makosa dhidi ya ubinadamu katika nchi hiyo, katika kesi inayojulikana kwa jina la Los Palos. Miongoni mwa waliouawa katika matukio ya kesi hiyo walikuwamo masista na watu wengine wa kanisa waliovamiwa wakiwa safarini. Desemba 2001 washtakiwa 10 walitiwa hatiani.

Hapa pana funzo kwa Muislamu. Aya ya 8 ya Sura Al-Maida inatuamrisha tusimamie uadilifu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na kutukataza tusiache chuki juu ya watu fulani itupeleke kwenye dhulma. Damu ya sista wa Timor ina mdai mbele ya haki kama damu ya imamu. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipolituma jeshi Sham, alilikataza kuwagusa watawa waliojitenga katika nyumba zao za ibada. Anayedai haki kwa ajili ya watu wa dini yake peke yake hajaanza kudai haki.

Wafasiri wa Qur'an wamesimulia sababu ya kushuka aya za 105 hadi 112 za Sura An-Nisaa. Mtu mmoja wa Madina, Tu'ma bin Ubayriq, aliiba deraya akaificha kwa jirani yake Myahudi. Jamaa zake wakamwendea Mtume (S.A.W.) wakimtetea ndugu yao ili lawama imshukie yule asiye wa kwao. Wahyi ukashuka kumsafisha Myahudi na kuwakemea wanaowatetea wahaini. Leo sisi tunaita jambo hilo kubambikiwa kesi. Majina yamebadilika, deraya imekuwa kete ya bangi au kipande cha nyara za serikali, lakini dhambi ni ile ile.

IJUMAA YA RUDEWA MBUYUNI

Desemba hiyo hiyo ya mwaka 2000, wakati Mtanzania akifungua mashtaka ya kihistoria Dili, wilaya yetu ya Kilosa ilikuwa ikizika. Siku ya Ijumaa, Desemba 8, 2000, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani wa mwaka 1421 Hijria, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Oktoba 2008 damu ilimwagika tena wilayani humo, safari hii Mambegwa.

Haifai kuutaja msiba huo kwa kulinyooshea kidole kabila au kazi ya mtu, kwani wakulima na wafugaji wote wana makaburi na wote wana malalamiko. Watafiti waliouandikia uchambuzi mwaka 2009 walionyesha kwamba nyuma ya mapigano kulikuwa na ardhi na maji, lakini pia kulikuwa na jambo linalotuhusu leo: rushwa iliyowafanya watu waache kuziamini mamlaka zilizopaswa kuamua. Mkulima aliyelishiwa mpunga wake alihisi kwamba akishtaki, mwenye ng'ombe atatoa fedha na kesi itayeyuka. Mfugaji aliyekamatiwa mifugo alihisi kwamba anakamuliwa kuliko ng'ombe wake. Kila mmoja akaona hana pa kwenda.

Ndipo tunaelewa kwa nini upelelezi mwema na mwendesha mashtaka mwaminifu si anasa ya mijini. Pale ambapo mdai haamini kwamba meza ya sheria itamsikiliza, mkono wake hutafuta panga. Dili ilihitaji mahakama maalumu baada ya damu kumwagika. Kilosa ilihitaji meza ya haki kabla haijamwagika.

KITI CHA HUKUMU

Mwaka 2004 Chande Othman aliteuliwa Jaji wa Mahakama Kuu, mwaka 2008 akawa Jaji wa Mahakama ya Rufani, na mwishoni mwa Desemba 2010 akashika nafasi ya Jaji Mkuu wa Tanzania baada ya Jaji Augustino Ramadhani. Aliishika hadi Januari 2017. Katika kipindi chake ilipitishwa Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011, iliyomweka Mtendaji Mkuu na Mfuko wa Mahakama ili majaji na mahakimu washughulike na mashauri badala ya kuhangaikia samani na mafuta ya magari. Mahakama pia iliweka shabaha za idadi: kila jaji alitakiwa kumaliza mashauri 220 kwa mwaka. Wapo waliosema haki haihesabiwi kama magunia. Ni kweli, lakini mahabusu anayesubiri huhesabu siku zake moja moja.

Kazi za uchunguzi hazikumwacha. Mwaka 2006 alikuwa mmoja wa wajumbe watatu wa tume ya Umoja wa Mataifa iliyochunguza vita vya Lebanon, na baadaye alikuwa mtaalamu huru wa umoja huo kuhusu haki za binadamu nchini Sudan. Mwaka 2015 aliongoza jopo la kuchunguza upya kifo cha Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ambaye ndege yake ilianguka karibu na Ndola usiku wa Septemba 17 kuamkia 18, 1961, na watu wote 16 waliokuwamo wakapoteza maisha. Tangu mwaka 2017 aliiendeleza kazi hiyo akiwa peke yake, akatoa taarifa kadhaa. Alieleza kuwa inawezekana ndege hiyo ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje, na kwamba zipo serikali ambazo huenda bado zina habari muhimu ambazo hazijazitoa.

Mwenyezi Mungu, katika aya ya 283 ya Sura Al-Baqara, amekataza kuuficha ushahidi, na akasema kwamba moyo wa anayeuficha umeingia dhambini. Kumbe maradhi ya kuficha ushahidi hayawapati tu wanakijiji wanaoogopa kutajwa. Yanayapata hata mataifa makubwa yenye kumbukumbu zilizofungwa kwa kufuli, na miaka zaidi ya 60 haikutosha kuyaponya.

TUME YA HAKI JINAI

Tufike sasa kwenye kiini. Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, Mwenyekiti akiwa Jaji Chande na Makamu wake Balozi Ombeni Sefue. Tume ilikusanya maoni ya wananchi, viongozi na watendaji wa vyombo husika, ikakabidhi taarifa yake Julai 2023.

Iliyasema mambo yaliyokuwa yakinong'onwa vijiweni. Ilisema Jeshi la Polisi limelalamikiwa kwa matumizi ya nguvu na kwa watu kukamatwa kabla ya uchunguzi kufanyika, yaani mtu huwekwa ndani kwanza kisha kosa likatafutwa. Ilipendekeza polisi wabadilike kutoka katika fikra za jeshi kwenda katika fikra za huduma kwa raia. Ilipendekeza kiwepo chombo cha Taifa cha upelelezi kinachojitegemea. Iligusa pia mamlaka ya wakuu wa mikoa na wilaya ya kuamuru mtu awekwe ndani kwa saa 48, mamlaka yaliyotokana na sheria ya mwaka 1997 na ambayo yalikuwa yakitumiwa hata pale ambapo kiongozi amekasirika tu.

Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kufundishwa uzito wa jambo hili. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu Tanzania Bara tangu mwaka 2014 kwa tuhuma za ugaidi, na kesi yao iliahirishwa mwaka baada ya mwaka hadi Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyaondoa mashtaka. Miaka saba ilipita bila ya ushahidi kupimwa na kufikia hukumu. Watoto wao walikua na wazazi wengine walifariki. Kama walikuwa na hatia, waathirika walinyimwa hukumu. Kama hawakuwa nayo, hakuna awezaye kuwarudishia miaka hiyo. Hawakupata hata lile alilolidai Nabii Yusuf, la kuulizwa habari ya wale wanawake.

Hata hivyo, tusiifanye dhulma hii kuwa ya Waislamu peke yao. Katika mahabusu zetu wamo Wakristo na wasio na dini, wamo waliokutwa na kuni na waliokutwa na pembe, na wote huisikia sentensi ile ile. Mwaka 2022 Bunge liliweka katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai sharti kwamba mashtaka yasifunguliwe mahakamani kabla ya upelelezi kukamilika, isipokuwa kwa makosa mazito. Hatua hiyo ni njema, ingawa makosa mazito ndiyo yanayomweka mtu ndani miaka mingi zaidi.

WASIA WA KADHI MKUU WA KWANZA

Huenda msomaji akauliza: haya ya tume na sheria za serikali yanaihusu nini dini? Jibu liko katika historia yetu. Imam Abu Hanifa alipotakiwa na Khalifa al-Mansur awe kadhi, alikataa, akaadhibiwa na kufungwa. Alihofia kiti ambacho Mtume (S.A.W.) alitahadharisha kuwa makadhi ni watatu: mmoja Peponi, naye ni aliyeijua haki akahukumu kwayo, na wawili Motoni, aliyeijua akaipinda na aliyehukumu kwa ujinga. Lakini mwanafunzi wake mkubwa, Imam Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 182 Hijria, alikipokea kiti hicho, akawa mtu wa kwanza kuitwa Kadhi wa Makadhi, yaani Jaji Mkuu, katika zama za Khalifa Harun al-Rashid.

Abu Yusuf alimwandikia Khalifa kitabu, Kitabul Kharaj, kuhusu kodi na mambo ya utawala. Ndani yake alizungumzia magereza bila ya kuficha. Alimtaka Khalifa awaamuru magavana wake wayaangalie mashauri ya wafungwa kila siku: mwenye kustahiki adhabu apewe na aachiwe, na asiye na kesi afunguliwe. Alimtaka awalishe na kuwavisha kutoka hazina ya umma, badala ya kutolewa nje na minyororo yao wakiomba sadaka. Alipinga watu kupigwa kwa tuhuma tupu, na akasema kwamba kukiri kunakopatikana kwa kipigo si ushahidi. Alisema pia mtu asifungwe kwa sababu tu mtu mwingine amemtuhumu.

Zaidi ya miaka 1,200 imepita. Jaji Mkuu yule alimwandikia mtawala wake kuhusu waliokamatwa bila ya hoja na waliopigwa ili wakiri. Jaji Mkuu mstaafu wa kwetu aliwasilisha taarifa inayogusa mambo yanayofanana na hayo. Anayedhani kwamba haki ya mtuhumiwa ni mtindo ulioletwa na wageni, na akasome alichoandika Abu Yusuf. Na Ibnul Qayyim alifundisha kuwa popote zinapodhihiri alama za uadilifu, basi hapo ndipo ilipo sheria ya Mwenyezi Mungu na dini yake.

Hata hivyo, hofu ya Abu Hanifa nayo ina haki yake. Mtu anayepokea kazi kutoka kwa mtawala hujiweka katika mtihani. Novemba 2025, baada ya ghasia na vifo vilivyotokea wakati na baada ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29 mwaka huo, Rais aliunda Tume ya Uchunguzi na kumkabidhi Jaji Chande uenyekiti wake. Wapo waliouliza ikiwa tume iliyoundwa na serikali inaweza kuichunguza serikali. Swali hilo si utovu wa adabu. Ni swali la haki, na aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka analijua kuliko sisi. Mizani ya kulijibu imo ndani ya Sura Yusuf: aliyependekeza itazamwe kanzu alikuwa jamaa wa mshitaki, akasema kweli. Tume yoyote, popote duniani, hupimwa kwa jambo hilo. Je, itaitazama kanzu ilipochanika, hata kama chaniko linamhusu aliyeiteua?

FUNGU LETU SISI WA MIKUMI

Ndugu msomaji, ni rahisi kumaliza hapa kwa kuwalaumu wakubwa. Lakini hakuna mpelelezi, awe wa wilaya au wa Umoja wa Mataifa, anayeweza kuthibitisha jambo ambalo walioliona wamelinyamazia. Aya ya 135 ya Sura An-Nisaa inatutaka tuwe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, wazazi au jamaa. Ni wangapi kati yetu tuliona ajali barabarani, au tulimwona jirani akionewa, tukasema hatutaki usumbufu wa kwenda Kilosa?

Aya ya 6 ya Sura Al-Hujurat inatuamrisha tuchunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Pale sokoni anapopigiwa kelele za mwizi kijana ambaye hakuna aliyemwona akiiba, na mikono ikainuka yenye mawe, sisi ndio tunaokuwa mshitaki, shahidi, jaji na mtekelezaji kwa dakika tano. Tunawalaumu polisi kwa kukamata kabla ya kuchunguza, nasi tunaua kabla ya kuuliza. Na anayetoa fedha ili ndugu yake aachiwe, au ili adui yake awekwe ndani, ajue kwamba ameinunua dhulma ambayo kesho itauzwa kwa mwingine dhidi yake.

Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali (R.A.) kwenda Yemen kuwa kadhi, alimwagiza kuwa watakapokaa mbele yake wagomvi wawili, asihukumu mpaka amemsikiliza wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Wasia huo ni wa jaji, wa mwendesha mashtaka, wa mkuu wa wilaya, wa askari wa hifadhi, wa mwenyekiti wa kijiji, na wa baba anayeamua ugomvi wa watoto wake barazani.

Safari ya Jaji Chande imepita Arusha, Dili, Dodoma na Ndola, na kila aliposimama swali lilikuwa moja: ushahidi uko wapi? Swali hilo likiulizwa mapema, kabla ya pingu, jamaa wa Mikumi hatalazimika kulisikia jibu la kuahirishwa miezi mingi akiwa Kilosa. Na taarifa ya mwaka 2023 isigeuke kanzu iliyokutwa imechanwa nyuma, ikakunjwa, ikawekwa kabatini, na Yusuf akabaki ndani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie waliofungwa kwa dhulma, awape subira na fidia waliopotewa na wapendwa wao, awaongoze wenye kuchunguza na kuhukumu katika nchi yetu wasimame na haki, na atujaalie sisi tusiwe miongoni mwa wenye kuuficha ushahidi. Amin.

Wabillahi tawfiq.